Semina ya siku tano, kisha nini?

Ukitaka kujua kama mafunzo ya afya ya akili yameshika, achana na karatasi ya mahudhurio. Nenda zahanati miezi mitatu baada ya semina, omba rejesta ya wagonjwa wa nje, ukae nayo nusu saa. Hesabu wangapi wameandikiwa sonona (huzuni nzito isiyoondoka), wangapi kifafa, wangapi saikosisi (kuona au kusikia visivyokuwepo, kuamini yasiyo kweli), wangapi pombe. Ukikuta kifafa peke yake, ujue mtumishi anatibu kile kinachojitangaza chenyewe: mtu ameanguka, kila mtu ameona. Ukikuta "maumivu ya kichwa", "vidonda vya tumbo" na "mwili kuchoka" ukurasa hadi ukurasa, kwa majina yaleyale yanayorudi kila baada ya wiki mbili, kuna sonona humo ambayo haijapewa jina lake. Na ukikuta wagonjwa wanne wa akili walioandikwa wiki ya kwanza baada ya semina, halafu kimya mpaka leo, jibu umeshalipata. Mtumishi alirudi na moyo, akajaribu, akakwama, na hakukuwa na mtu wa kumuuliza.

Tumefika hapa kwa sababu inayoeleweka. Shirika la Afya Duniani, katika takwimu zake za 2020, lilihesabu wastani wa watumishi 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000 duniani. Kwa kanda ya Afrika hawafiki 2. Na hao wachache wamekusanyika kwenye hospitali kubwa za zamani: Mathari ya Nairobi iliyoanza 1910, Mirembe ya Dodoma iliyofunguliwa 1927. Mkazi wa Sikonge au Lodwar hamfikii daktari bingwa kwa nauli aliyonayo. Ndiyo maana mwaka 2008 shirika hilo likaanzisha mpango wa mhGAP, na 2010 likatoa mwongozo wake wa tiba (toleo la pili likaja 2016), ili tabibu na muuguzi wa kawaida waweze kutambua na kutibu magonjwa machache yenye mzigo mkubwa. Mafunzo yake ya msingi huchukua siku tano au sita. Juu ya hapo, Kenya ilizindua jeshi lake la wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 Septemba 2023, na Tanzania ikaanza Januari 2024 mpango wa kuwapata wahudumu zaidi ya 137,000 ndani ya miaka mitano. Mikono inakuja. Kinachokosekana ni mtu wa kuishika baada ya semina, na hilo ndilo ninalotaka tulizungumze kwa urefu.

Kosa linaloanza kabla ya darasa

Barua inakuja: kila kituo kilete mtumishi mmoja, malazi na posho vimegharamiwa. Anayekwenda ni yule ambaye zamu yake ya semina imefika, hata kama kazi yake ni chanjo au stoo. Akirudi, baada ya miezi sita anahamishwa au anakwenda masomoni, na elimu yote inaondoka kwenye begi lake.

Watumwe wawili kutoka kila kituo, wa kada tofauti: mmoja anayeandika dawa, mwingine anayekaa na wagonjwa na kufuatilia waliokosa kurudi, kwa kawaida muuguzi. Mganga mfawidhi naye apewe nusu siku, kwa sababu ndiye anayepanga zamu na kusaini maombi ya dawa. Asipoelewa kwa nini mgonjwa wa kwanza wa sonona anahitaji dakika 30, atamwona mtumishi wake mvivu. Hesabu yenyewe ni ngumu: mtumishi anayeona wagonjwa 50 ndani ya saa nane hana hata dakika kumi kwa kila mmoja. Kwa hiyo siku ya marudio ya afya ya akili lazima ipangwe, mara moja kwa wiki, mchana foleni ikishapungua. Na isipewe jina. Iitwe kliniki ya Jumatano, basi. Ikiitwa kliniki ya vichaa hakuna atakayeonekana mlangoni.

Mfamasia wa wilaya aalikwe siku ya mwisho. Kwa nini, tutaona mbele.

Darasani: mdomo ufanye kazi kuliko masikio

Semina nyingi zinakufa kwa slaidi. Mwalimu anasoma vigezo vya sonona kwa Kiingereza, washiriki wanaandika, mtihani wa mwisho ni wa kuchagua jibu, kila mtu anapata 80 kwa 100. Mtihani huo unapima kumbukumbu. Haupimi kama mtu huyo anaweza kukaa mbele ya mama anayelia na asimkatize.

Mgonjwa wetu haji na neno sonona. Anakuja na "moyo unaenda mbio", "kichwa kinawaka moto", "nina mawazo mengi", "usingizi umenikataa", "sijisikii". Uganda walipojaribu tiba ya vikundi kwa watu wenye sonona katika wilaya za Rakai na Masaka, matokeo yake yakachapishwa 2003, walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanaitaje hali hiyo, wakapewa maneno mawili ya Kiganda, na hayo ndiyo waliyoyatumia kuwatambua wagonjwa. Semina ya Kiswahili inapaswa kuanza hivyohivyo: asubuhi ya kwanza, washiriki waorodheshe maneno wanayoyasikia kituoni kwao, pamoja na ya Kisukuma, Kigogo au Kidigo, kisha kila neno liunganishwe na maswali yanayofuata. Mtu akisema ana mawazo mengi, unamuuliza tangu lini, analalaje, anakulaje, na lile ambalo zamani lilimfurahisha, kwaya, mpira au soga za jioni, bado linamfurahisha? Swali hilo la mwisho ndilo linalosahaulika kuliko yote.

Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lina msaada wake: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, alama kutoka 0 hadi 27, na 10 ndiyo inayotumika sana kama mpaka wa kuchunguza zaidi. Lakini lifundishwe kama mlango wa mazungumzo. Mtumishi anayesoma maswali yote tisa macho yakiwa kwenye karatasi atapata "hapana" tisa, hasa mume au mama mkwe akiwa amekaa pembeni. Hatua ya kwanza, kabla ya swali lolote, ni kumwomba msindikizaji akae nje kidogo na kufunga mlango. Kama chumba hakina mlango, toeni viti chini ya mwembe, mbali na foleni. Zahanati nyingi zina mti. Chache zina chumba cha faragha.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni igizo dhima linalosahihishwa. Mtu mmoja, si mshiriki mwenzao, anafundishwa kuigiza mgonjwa kwa maelezo yaleyale kwa kila anayepimwa: mwanamke wa miaka 34, kichwa kinamuuma miezi miwili, hasemi kuhusu ndoa mpaka aulizwe kwa upole, na ana wazo la kufa ambalo atalitaja tu akiulizwa waziwazi. Mwangalizi ana karatasi. Iko zana iitwayo ENACT, iliyotengenezwa kwanza Nepal na sasa imo kwenye jukwaa la EQUIP la Shirika la Afya Duniani na UNICEF, yenye vipengele 15 na ngazi nne kwa kila kipengele. Uzuri wake ni ngazi ya kwanza: inaandika madhara. Je, mtumishi alimkaripia mgonjwa? Alimwambia "wenzako wana shida kubwa kuliko wewe"? Alimhukumu kwa imani yake? Alimpiga mahubiri? Mtu anaweza kujua dawa zote na bado akawa na alama ya madhara kwenye kipengele kimoja, na hapo hafai kuachiwa wagonjwa mpaka arudie. Dakika 10 hadi 15 za igizo zinaonyesha ambacho mtihani wa saa nzima hauonyeshi. Lifanywe kabla ya semina, mwisho wa semina, na tena baada ya miezi mitatu.

Makosa mawili yanayoua

Yako makosa mengi, lakini haya mawili yapewe muda mara tatu ya mengine.

La kwanza ni kumwita mgonjwa wa mwili mgonjwa wa akili. Kijana analetwa amefungwa kamba, anaongea ovyo, haelewi yuko wapi, familia inasema "amechanganyikiwa tangu jana". Mtumishi aliyetoka semina anaona saikosisi na anakimbilia haloperidol, dawa ya saikosisi. Kuchanganyikiwa kwa ghafla, kunakopanda na kushuka ndani ya siku moja, mtu asijue ni asubuhi au jioni, ni tatizo la mwili mpaka ithibitike vinginevyo. Joto la mwili, kipimo cha haraka cha malaria, sukari ya damu, shingo kama imekakamaa, jeraha la kichwa, hali ya VVU kama inajulikana, na pombe: alikunywa lini mara ya mwisho? Mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla huanza kutetemeka ndani ya saa chache, anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili hadi ya nne. Huyo anahitaji diazepam, maji na thiamine (vitamini B1), na thiamine itangulie sukari ya mshipa. Akipewa dawa ya saikosisi peke yake degedege linaweza kumkuta, maana dawa hizo zinashusha kizuizi cha degedege. Orodha hii ibandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Ukutani inasomwa, kwenye kabati la miongozo haisomwi.

La pili ni kutouliza kuhusu kujiua. Watumishi wengi, hata wenye uzoefu, wanaogopa kwamba kuuliza kutampa mgonjwa wazo. Haiko hivyo. Anayeulizwa vizuri mara nyingi anapumua, kwa sababu hatimaye kuna mtu wa kumwambia. Tatizo la kweli ni kwamba mdomo haujazoea. Kwa hiyo swali lifanyiwe mazoezi kwa sauti, mtu na mwenzake, mpaka litoke bila kigugumizi, na liende kwa ngazi: "Umefika mahali ukaona maisha hayana maana?" "Umewahi kuwaza kwamba bora ungekufa?" "Umewaza kujiua?" "Umepanga utafanyaje?" "Hicho kitu unacho nyumbani?" "Lini?" Jibu la ndiyo, au siku iliyotajwa, kwenye lolote kati ya maswali matatu ya mwisho linabadilisha kazi ya siku nzima: haachwi peke yake, ndugu anaitwa kwa ridhaa yake, na kile alichopanga kutumia kinaondolewa. Vijijini mara nyingi ni dawa ya kuulia wadudu wa shambani, kwa hiyo mpango unaosema "itoeni nyumbani" hautoshi. Useme nani anachukua chupa, inakaa kwa jirani gani, ufunguo anao nani.

Sheria nayo inawafunga watumishi mdomo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu cha 226 cha namna hiyo, na Mahakama Kuu ikakitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Mtumishi ambaye hajaelezwa la kufanya ataandika "amekunywa sumu kwa bahati mbaya" ili kumlinda mgonjwa na polisi, na kwa kalamu hiyohiyo anafuta sababu ya kumfuatilia. Mafunzo lazima yaseme waziwazi: nini kinaandikwa kwenye faili, nani analisoma, na mkuu wa kituo anajibu nini polisi wakifika.

Dawa ambazo hazipo kwa sababu hazikuwahi kuombwa

Hapa ndipo mfamasia wa wilaya anapoingia. Maombi ya dawa hupangwa kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Kabla ya semina hakuna aliyetambua kifafa wala saikosisi, kwa hiyo matumizi yalikuwa sifuri au makopo mawili. Mtumishi anarudi na ujuzi, anapata wagonjwa kumi na wawili, kopo linaisha wiki ya tatu, wagonjwa wanaacha kuja, matumizi yanarudi chini, na agizo linalofuata linakuwa dogo tena. Hakuna aliyefanya kosa, na bado kila mtu ameumia.

Agizo la kwanza baada ya mafunzo lihesabiwe kwa vichwa vya wagonjwa. Mfano: wagonjwa 12 wa kifafa wanaotumia carbamazepine miligramu 400 asubuhi na 400 jioni. Kidonge cha miligramu 200, ni vinne kwa siku, 120 kwa mwezi kwa mgonjwa mmoja, 1,440 kwa wote. Miezi mitatu ni 4,320, na akiba ya mwezi mmoja inaifikisha 5,760. Andika hesabu hiyo kwenye fomu ya maombi, ambatanisha idadi kutoka rejesta. Mahali kama Mahenge, Ulanga, ambako kifafa ni kingi na kinahusishwa na usubi, kubahatisha agizo ni hatari ya moja kwa moja: mgonjwa anayekatishwa dawa ghafla anaweza kuingia kwenye kifafa kinachofululiza bila kukoma, na hicho kinaua.

Mambo machache ya dawa nayo hayakai kichwani kwa semina moja, yanahitaji kurudiwa kwa kila mgonjwa mpya. Amitriptyline, dawa ya sonona, ikimezwa nyingi kwa mkupuo inaua kupitia moyo, kwa hiyo mwenye wazo la kujiua hapewi ya mwezi mzima. Anapewa ya wiki, tena ikiwezekana ndugu aishike. Kabla ya dawa yoyote ya sonona, uliza kama amewahi kuwa na siku nyingi za kutolala bila kuchoka, kuongea mbio na kutapanya pesa, maana dawa hiyo inaweza kumrudisha huko. Mwambie fluoxetine haitafanya kazi kesho. Inachukua wiki nne hadi sita, na akipata nafuu ataendelea nayo miezi 9 hadi 12. Asipoambiwa ataacha siku ya kumi. Carbamazepine inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na valproate, dawa nyingine ya kifafa, haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba.

Na haloperidol. Kijana anapewa, na siku ya pili shingo inajipinda, macho yanageukia juu, taya linakaza. Familia inaamini amerogwa upya, au hospitali imempa sumu, na hawarudi tena. Ni madhara ya dawa, yanatulia kwa benzhexol ya vidonge au sindano ya promethazine ndani ya muda mfupi, lakini mtumishi aliyefundishwa dozi bila kuonyeshwa shingo hiyo, hata kwa video, atakimbia pamoja na familia. Kila familia iambiwe siku ileile ya kwanza: "Shingo ikipinda au ulimi ukikaza, msiogope, mleteni hapa hata usiku."

Usimamizi, ambao ndio mafunzo yenyewe

Kwenye makaratasi usimamizi upo. Timu ya wilaya inakuja na gari mara moja kwa robo mwaka, mambo yote kwa siku moja: chanjo, malaria, choo, dawa, na mwisho kabisa, kama jua halijazama, afya ya akili. Rejesta ipo? Ndiyo. Mwongozo upo? Ndiyo. Alama ya vema, saini, safari. Hakuna aliyemwona mgonjwa wala aliyesikia mtumishi akiongea na mgonjwa. Mratibu wa afya ya akili wa wilaya mara nyingi ana kazi nyingine ya kudumu wodini na hana pikipiki. Simlaumu. Amepewa cheo bila petroli.

Usimamizi unaojenga mtu una sura nyingine, na hauhitaji fedha za ajabu. Miezi mitatu ya kwanza, mratibu afike kila kituo mara moja kwa mwezi, siku ya kliniki ya Jumatano, siyo siku yoyote. Wagonjwa wawili wa kwanza mratibu anawaona yeye, mtumishi akitazama. Wawili wanaofuata mtumishi anawaona, mratibu amekaa kwenye kona, kimya. Hiyo kimya ni ngumu kwa wakubwa, lakini mgonjwa akiona bosi anaingilia, mtumishi ameshapoteza mamlaka kwake. Marekebisho yanasemwa baadaye, faragha, jambo moja au mawili tu. Mtu akipewa makosa kumi na moja kwa mpigo, hatashika hata moja.

Kati ya ziara hizo, kikao cha simu au cha ana kwa ana kwa kundi la watumishi watano au sita wa vituo jirani, kila wiki mbili, dakika 90. Mpangilio ambao ningeuandika ni huu. Robo saa ya kwanza ni ya hatari: nani ana mgonjwa mwenye wazo la kujiua, mwenye vurugu, mtoto anayeumizwa, mjamzito anayetumia dawa. Hawa hawangoji zamu. Kisha wagonjwa wawili wanajadiliwa kwa kina, dakika 25 kila mmoja, bila majina yao. Mleta kesi anasema umri, kilichomleta, alichofikiri, alichofanya, anachokwama nacho, na kundi linauliza kabla ya kushauri. Dakika kumi na tano ni za zoezi la ujuzi mmoja, kwa mfano kumweleza mama kwamba kifafa hakiambukizwi kwa mate, na kwamba mtu anapoanguka anageuzwa ubavu na hawekewi kijiko mdomoni. Dakika kumi zinazobaki ni za watumishi wenyewe. Usizikate hizo kumi hata kikao kikichelewa. Kata zoezi.

Kundi la WhatsApp linasaidia kwa swali la haraka, lakini lina mtego. Picha za faili na za wagonjwa zinaanza kupita, kijiji ni kidogo, na siri inavuja kabla ya jioni. Sheria iwe moja na isiyojadiliwa: umri na jinsia tu, hakuna jina, hakuna picha ya uso, hakuna jina la kijiji. La dharura linapigiwa simu. Na vocha ya mratibu iwemo kwenye bajeti.

Zimbabwe wanatupa mfano ambao kila mtu anauiga nusu. Daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na wanawake wazee 14 wa Mbare, Harare, waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa jamii. Wakakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wakiongea kuhusu kile ambacho Kishona kinaita *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi, neno ambalo Mswahili yeyote analielewa bila mkalimani. Kwa vikao sita wanamsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Utafiti uliochapishwa 2016, kwa watu 573 katika kliniki 24, ulikuta kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa benchini, dhidi ya asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Tangu hapo nimeona mabenchi yakipakwa rangi kwingi. Benchi ni rahisi kuiga, fundi seremala anaimaliza kwa siku. Nyuma ya bibi wa Harare kulikuwa na msimamizi anayemfahamu, kikao cha kila mara, na njia ya kumpeleka kwa daktari yule mwenye hatari ya kujiua. Hilo fundi hawezi kulitengeneza.

Vivyo hivyo kwa PM+, tiba fupi ya vikao vitano vya dakika 90, iliyojaribiwa Nairobi kwa wanawake 421, wengi wao waliopitia ukatili, na wahudumu wa jamii ndio waliokuwa wakiitoa. Mwongozo wake hauishii darasani: kwa asiye na uzoefu unataka saa 80 hivi za darasa, kisha wiki za kufanya kazi na watu wachache chini ya uangalizi, ndipo msimamizi aseme kama yuko tayari. Anayepunguza saa 80 ziwe siku tatu, akaondoa uangalizi, anatoa kitu kingine chenye jina lilelile.

Neno moja kuhusu waganga wa kienyeji, masheikh na wachungaji. Wao ndio kituo cha kwanza kwa wengi, tupende tusipende. Makueni, Kenya, waliingizwa kwenye mradi mmoja wa afya ya akili pamoja na wahudumu wa jamii, wafundishwe kutambua na kupeleka wagonjwa kliniki. Kwa wilaya inayotaka kujaribu: kikao cha kwanza kifanyike kwao, siyo hospitalini, wasiombwe kuacha dua, waombwe mambo matatu tu, wasifunge mtu kwa minyororo, wasimnyime chakula wala dawa, na wamlete anayetaka kujiua au anayeanguka kifafa. Na mtumishi awarudishie taarifa, kwa idhini ya mgonjwa. Asiyepewa mrejesho haleti wa pili.

Anayebeba naye anachoka

Muuguzi wa afya ya akili anaitwa "nesi wa vichaa" na wenzake kwenye chumba cha chai. Anapigwa ngumi zamu ya usiku akiwa peke yake. Anasikiliza ubakaji wa watoto watatu kwa wiki moja kisha anakwenda nyumbani kupika. Dalili za kuchoka huku si machozi. Ni kuchelewa kliniki ya Jumatano, kuandika kila mtu dawa ileile, kuanza kuwacheka wagonjwa, kuota habari zao.

Kinga ya vurugu ni ya vitendo: mtumishi asimwone mgonjwa mwenye fujo peke yake, kiti chake kiwe karibu na mlango, mkasi na stendi ya dripu vitoke chumbani, sauti iwe chini na mtu mmoja tu ndiye anayeongea. Zamu ya usiku yenye mtu mmoja wodini ni uamuzi wa uongozi, na anayeumia hapo hakuumizwa na bahati mbaya.

Mgonjwa akijiua, mtumishi aliyemwona mwisho huanza kurudia ile siku kichwani: nilimuuliza? niliandika? Kinachofanyika mara nyingi ni kikao cha haraka cha kutafuta kosa. Mkuu wake ampigie siku hiyohiyo, amweleze kwa maneno, asimtumie ujumbe. Asilazimishwe kusimulia tukio zima mbele ya kundi. Shirika la Afya Duniani halipendekezi vikao vya namna hiyo vya kusimulisha baada ya tukio, havizuii madhara. Kinachofaa ni kile ambacho mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia unakifupisha kwa maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Apewe siku moja au mbili bila kliniki, mtu wa kukaa naye, na baada ya wiki moja au mbili, akishatulia, kesi ipitiwe kwa lengo la kujifunza, msimamizi akianza na yale yaliyofanywa sawasawa. Familia ya marehemu pia inangoja mtu aje. Aende naye mwenzake.

Na yupo mtumishi ambaye yeye mwenyewe ana sonona, au kifafa, au pombe imemshinda. Hawezi kutibiwa kwenye kituo chake, ambako rejesta inasomwa na wenzake na dawa anampa mtu wanayegawana zamu. Wilaya mbili jirani zinaweza kukubaliana kwa barua ya ukurasa mmoja: watumishi wa huku wanatibiwa kule, na wa kule huku, faili linakaa kwa mratibu mmoja kwenye kabati lenye kufuli, ruhusa ya kwenda kliniki inaandikwa "matibabu" bila maelezo, na simu ya mratibu huyo inatolewa kwa kila mtumishi siku ya kwanza ya semina, kabla ya slaidi ya kwanza.